Mlinzi wa Folda za Familia

Nimepanga vyumba katika miji mingi, lakini sijaona mikono yenye haraka kama ya mama mwenye nyumba wangu wa sasa. Sebuleni, kando ya televisheni, kuna kisanduku cheusi kinachohifadhi picha, video na muziki wa familia nzima, na mlinzi wake ni yeye. Hufuta vidole kwenye gauni, huingia moja kwa moja kwenye mfumo wa kisanduku chenyewe, na maelfu ya faili huhama folda kufumba na kufumbua. Mumewe huzipitisha kwanza kwenye kompyuta yake, kisha huzirudisha kisandukuni, na asubuhi nzima huisha. “Baba watoto,” mama humcheka, “unatoa sufuria kabatini, unaizungusha mtaa mzima, halafu unairudisha kabati lilelile, rafu ya pili!”

Kijana wao wa mwisho alipoacha duka la baba yake na kufuata gitaa, mzee alifura. “Picha zake zihamishe. Sitaki kuziona kwenye folda ya familia.” Mama akabofya. “Tayari.” Jumapili mzee alifungua folda ya nyimbo zake za zamani, akakutana na mwanawe hana meno, amekaa ndani ya beseni, anacheka.

“Hizi zimefikaje huku?”

“Ulisema nizihamishe. Hukusema wapi.”

Nilijificha nyuma ya kikombe changu. Mzee alizitazama mojamoja, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

“Haya, zirudishe,” alisema.

Alipoivaa tena, zilikuwa zimesharudi.