Picha ya Zeyana Kambani

Majid bin Sheha alikuwa na miaka kumi na sita na vidole vyeusi tii. Si weusi wa kuzaliwa. Ni dawa za Mgoa mpiga picha, zisizotoka kwa limau wala kwa mchanga. Baba yake, Mzee Sheha, mtu wa Bagamoyo auzaye sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti, akiviona vidole vile kwenye sinia la wali alikuwa akisonya. Mtoto wa watu, ghala la baba yake limejaa pomoni, yeye kutwa kaganda kwa Mgoa, kajifunika kitambaa gubigubi nyuma ya kasha la picha! Lakini ndivyo alivyokuwa. Picha zilikuwa zimemkaa rohoni. Hata akimwamkia mtu mzima, jicho lake lilikuwa linapima mwanga unamwangukia wapi.

Mwaka wa 1883 dada yake, Zeyana, aliposwa na kijana wa Pangani aitwaye Humoud, mtu wa heshima zake. Zeyana akatawishwa, hata dirishani haonekani. Siku moja akamwita mdogo wake, akamnong'oneza kwamba anataka apigwe picha moja bila barakoa, amwachie mama yao, maana mama alikuwa akilia kila siku kwa kumwaza mwanawe huko ugenini. Akamwapisha kuwa mwanamume mwingine yeyote asiione. Majid akala yamini. Na tuseme kweli, hakukubali kwa ajili ya mama. Alikuwa hajawahi kupiga picha ya uso wa mwanamke, na roho ilikuwa ikimwasha.

Mgoa alipovuka kwenda Unguja, Majid akalibeba kasha mpaka uani kwao, akampiga picha dada yake. Kesho yake akaihamisha picha kutoka kwenye kioo cha kasha hadi kwenye karatasi, akaiosha, ikatoka safi mno hata akajiona fundi. Kiburi kikamponza. Chini yake, kwa hati nzuri ya Kiarabu, akaandika: Zeyana binti Sheha. Nani alimtuma? Kisha akaianika kwenye kamba, ua wa nyuma kwa Mgoa, ambako hapiti mtu, akakaa aingoje ikauke.

Angekaa, mambo yangekuwa mengine. Lakini zikasikika bunduki na ngoma upande wa Dunda: msafara wa bara unaingia mjini, wachukuzi na pembe zao mabegani. Majid hakufikiri mara mbili. Alinyakua kasha akatoka mbio, na dada yake akamwacha kambani.

Siku hiyohiyo Bwanausi, ami yake Humoud, alikuwa amekuja kutaka kupigwa picha. Hakukuta mtu. Adhana ya alasiri ikalia, akazunguka nyuma kutafuta maji ya kutawadha. Akauona uso wa msichana, akalisoma na jina.

Jioni alimwekea Mzee Sheha ile karatasi mapajani. Hakupaza sauti.

"Huyu mumewe hajamwona, Sheha. Mimi nimemwona uani kwa Mgoa, ananing'inia pamoja na matambara. Posa tumeivunja."

Mzee Sheha akaitia karatasi jikoni ikaungua. Majid naye, kwa woga na kwa kutaka radhi, akakileta kioo chenye picha ile, akakivunjavunja kwa mchi mbele ya baba yake. Wala hakuna aliyemwamuru. Lau angekificha tu, masikini! Zeyana mwenyewe alikuwa hajaiona picha yake hata mara moja.

Majid hakuligusa tena kasha la picha. Aliingia ghalani kuchagua sandarusi, vidole vikatakata. Kwa Zeyana hakuja mposaji mwingine.

Mwaka wa tano, asubuhi moja, Zeyana alimletea kahawa ghalani. Akaketi. Akauliza bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Majid.

"Hivi, Majid, kwenye ile picha nilikuwaje?"

Majid akatafuta kichwani, asipate kitu. Wachukuzi wa siku ile alikuwa nao wote, hadi yule aliyefunga kitambaa gotini. Dada yake alivyokuwa siku ile, hapana. Alikuwa akiangalia mwanga tu. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Ulipendeza, dada," alisema. "Ulikuwa unacheka."

Zeyana akainuka.

"Sikucheka," akasema. "Uliniambia nisicheke hata kidogo, nisije nikaiharibu."

Akakichukua kikombe, kahawa haijanywewa, akarudi ndani.