Jarida Lisilo na Majina

Jarida letu la historia ya Japani halikuwa na majina ya waandishi. Hilo lilikuwa wazo langu. Tulikuwa wawili tu, mimi mwalimu wa Masasi na mwenzangu mwalimu wa Newala, na hakuna kati yetu aliyewahi kufika Japani. Nilimwambia tukiweka majina watu watatucheka. Akakubali, kama alivyonikubalia kila kitu. Yeye aliandika kwa mkono, akanitumia picha za kurasa kwa simu, mimi nikachapa.

Homa ilimwondoa wiki ileile nakala zilipotoka. Nikazibeba mpaka msibani, nikidhani namheshimu.

Kwetu, mtu wa kanisa akizikwa, waombolezaji hupewa kijitabu chenye wasifu wa marehemu. Waliponiona naingia na karatasi zilizobanwa pini, walizichukua kabla sijasema neno. Nikawatazama wakifunua kurasa, wakimtafuta, wakikuta watawala wa kijeshi na ngome zilizoungua. Hakuna aliyenilaumu. Bora wangenilaumu.

Mama yake alinipa nakala yake. "Mwalimu, macho yangu hayaoni. Nisomee alipoandikwa mwanangu."

Kila neno mle lilikuwa la mwanawe, na yeye hakuwemo. Nilifunua ukurasa mmoja mmoja hadi wa mwisho, kama mtu anayetafuta. Kisha nikaanza kumsomea maneno ambayo hayakuwepo.

Aliyapenda. Akaniomba niyarudie, na mimi nilikuwa nimeshayasahau.