Nahodha Anayegeuza Mashua Jua Likiwaka

Saa nne asubuhi. Hallbera Sigmarsdóttir ameshika usukani kwa mkono mmoja, na mwingine ameubandika kwenye kioo cha chumba cha usukani, kama mama anayepima homa ya mtoto. Ghuba ya Skjálfandi imetulia tuli. Abiria arobaini na watatu, wamevimba ndani ya ovaroli nene, wamesongamana omoni wakimngoja nyangumi.

Hallbera hatazami maji. Anatazama milima ya Kinn ng'ambo, ambako wingu jeupe limeanza kuteremka mteremkoni na theluji ya kileleni inapeperuka.

"Lile silipendi," anasema.

"Kuna wingu uliwahi kulipenda?" anamchokoza Una, mwongoza watalii wake, aliyesimama mlangoni na kipaza sauti.

Redio inakoroma. Ni Brandur, baba yake Una, nahodha wa mashua nyingine ya mwajiri wao. Yeye yuko mbele, nje ya ghuba, ng'ambo ya kisiwa cha Flatey.

"Hallbera! Nyangumi wa buluu huku, mkubwa kuliko kanisa! Njoo upesi, usije ukaanza kugawa kakao!"

Mabaharia wawili wanacheka kwa kujificha. Kwenye mashua hizi, kakao ya moto na mikate ya mdalasini hutolewa omo ikishaelekea nyumbani. Hallbera hugeuza mapema mno, hadi bandari nzima inamwita Nahodha Kakao.

Leo jina hilo halimchekeshi. Juni hii amekwisha kurudi mara nne bila nyangumi, na kila abiria akapewa tiketi ya bure, ambayo kwa kawaida ni krona elfu kumi na mbili. Jumatatu iliyopita mwenye mashua, Ketill, alimwambia mbele za watu: "Ukirudi tena mikono mitupu, usukani nampa mwenye moyo."

Ana miaka hamsini na minane. Akinyang'anywa usukani, kilichobaki ni kiwanda cha samaki, ambako tayari anashinda majira yote ya baridi akichuna minofu, vidole vikifa ganzi.

"Watu wanadhani tunaogopa dhoruba," anasema bila kugeuka. "Dhoruba inatangazwa, nani atatoka? Ninaogopa upepo wa mlimani siku ya jua. Ule haubishi hodi. Na nyangumi akiibuka, watu wote wanakimbilia upande mmoja wa mashua. Sasa upepo ukukute hapo!"

Nyuma ya Una, mlango unagongwa. Ni mzee mmoja abiria, miwani imeloa chumvi. "Nahodha, mke wangu amesubiri siku hii maisha yake yote. Tafadhali."

Hallbera anaitikia kwa kichwa tu.

"Hallbera, mpenzi, nisikilize," Una anashusha sauti. "Ukigeuza leo umekwisha. Nusu saa tu. Baba yuko palepale na hajazama."

"Baba yako ana bahati."

"Basi na wewe ijaribu, japo mara moja!"

Bendera ya tezini inajikunjua, inapiga mara mbili, inalala tena. Hallbera anaitazama. Mbele, mbali, moshi wa pumzi ya mnyama unapanda angani, mrefu na mweupe, na abiria wote wanapiga kelele kwa pamoja na kukimbilia kulia. Mashua inainama kidogo.

Anazungusha usukani.

"Mimina kakao," anasema.

Mke wa yule mzee analia waziwazi. Una anagawa vikombe bila kumtazama nahodha wake. Njia nzima Hallbera anageuka nyuma kuangalia mlima, na ukweli ni kwamba anauombea upepo uje, walau kidogo, ili watu waone.

Haukuja. Wingu lilipanda taratibu, likayeyuka kama samli kikaangoni. Walipofunga kamba gatini, mchana ulikuwa mzuri kuliko wote wa mwezi huo.

Hallbera alishuka wa kwanza, akampa kila abiria mkono wa kumshusha, akiomba radhi. Wengine waliukwepa. Ketill alisimama kando, mikono mifukoni, akihesabu tiketi za bure kwa macho.

Muda si mrefu Brandur naye aliingia, abiria wake wakiimba. Ketill alimfuata moja kwa moja.

"Yule msaidizi wako anafaa. Kuanzia kesho ataongoza mashua ya Hallbera."

Brandur alimaliza kufunga kamba kwanza.

"Mpe. Lakini Una atashuka kwenye mashua hiyo."

"Ashuke kwa nini?"

"Nafasi ya mwongozaji kwangu iko wazi tangu mwaka juzi. Hujajiuliza kwa nini binti yangu sikumchukua mwenyewe?"

Una alikuwa amebeba vikombe vichafu. Aliviweka chini polepole. "Nilidhani hunitaki, baba."

"Mwanangu, mimi najijua." Brandur aliuvua mkono glavu, akajifuta uso. "Wingu lile leo nililiona, Ketill. Nyangumi naye nilimwona. Nikabaki. Binti yangu nilimweka kwa anayegeuza."

Ketill alijikuna kichwa, kisha akamgeukia Hallbera bila kumtazama usoni. "Safari yako ya saa saba imejaa," alisema. "Itie mashua mafuta." Akaondoka.

Hallbera alikaa juu ya boya kuukuu akalia, akacheka, akaomba kipande cha mkate wa mdalasini. Mabaharia walipomuuliza anatamani nini kabla ya kustaafu, hakufikiri. Misimu kumi na tisa ya unahodha, na nyangumi wa buluu hajawahi kumwona kwa karibu.

"Namtaka sana, sitawadanganya," alisema huku akitafuna. "Lakini simfuati nje. Akinitaka, aingie ghubani."