Kiti Kilichotazama Nyuma

Pale karakana walimwita Shingo Upande, na mgeni aliyesikia jina hilo alidhani ni mwanamke wa kufanya kazi kwa kusukumwa. Sivyo hata kidogo. Jina alilipata wiki ile bosi alipomletea kompyuta ya kuchorea. Kabla ya hapo alikuwa akichora viti na vitanda vya chuma kwa penseli na rula, tangu binti zake wangali wanatambaa. Sasa alikuta kiti kimelala ubavu kwenye kioo cha kompyuta, na kwa kuwa hakujua namna ya kukisimamisha, alilaza kichwa begani akaendelea na kazi. Jioni alirudi nyumbani shingo imekaza kama boriti.

Kazi yenyewe ilikuwa kiti cha kinyozi. Kinyozi huyo, pandikizi la mtu, alikuwa anafungua duka na alitaka kiti ambacho egemeo lake linalala, mteja anyolewe ndevu kwa raha. Shingo Upande alichora vipande kimoja kimoja: guu la kati, kikalio, egemeo, kikanyagio cha miguu. Akaviunganisha vikawa kiti, tena kizuri mpaka akamwita bosi aje aone. Akashika egemeo kwa mausi ili alilaze. Egemeo likang'ang'ania kikalio, kikalio kikang'ang'ania guu, na kiti kizima kikapinduka, guu juu, kama mende aliyepuliziwa dawa.

"Mteja atakuwa wapi hapo?" bosi aliuliza.

"Atakuwa ameshakwenda kwa kinyozi mwingine."

Jambo hilo lilimkaa rohoni hadi Jumapili. Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mpole mwenye tumbo la kutosha. Walipomaliza kula mchana alimwambia alale chali sakafuni.

"Kwani nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Wewe ni kiti. Inua mgongo, miguu ibaki chini."

Mume akajaribu. Mgongo uliinuka kidogo tu, miguu nayo ikapanda, akabaki anabembea katikati kama ndizi juu ya meza.

"Haiwezekani, mama watoto," alisema akihema. "Labda unishike miguu."

Akamkalia miguu. Mgongo ukapanda taratibu mpaka wakatazamana uso kwa uso. Mume alidhani sasa atapewa pole yake. Mke alikuwa akitazama ukuta.

"Guu sijalifunga," alisema. "Guu liko huru, ndiyo maana kila kitu kinalifuata."

Akainuka kwenda kumpigia bosi simu, na mgongo wa mwalimu wa udereva ukarudi sakafuni kwa kishindo.

Kesho yake alilifunga guu, akaiambia kompyuta kwamba hilo halisogei hata iweje. Egemeo likatii. Likalala, likainuka, likalala tena, kisha likapitiliza, likatoboa kikalio, likatokea chini ya sakafu na kurudi juu bila haya wala aibu. Chuma cha kwenye kioo hakijui kugonga. Akaliwekea mipaka: mwisho wa kulala hapa, mwisho wa kuinuka pale. Basi furaha ikamzidi. Siku hiyo alizungusha kila kilichozungushika, pamoja na kikanyagio, alichokipeleka nyuma ili aione vizuri bawaba iliyokuwa imejificha. Akasahau kukirudisha. Akachapa mchoro, akampelekea mchomeleaji, mtu wa maneno machache ambaye huchomelea anachokiona.

Kinyozi alipokuja kuchukua kiti chake, alikizunguka akapapasa kitambaa, akasimama.

"Miguu naiweka wapi?"

Kikanyagio kilikuwa nyuma ya egemeo. Bosi akamgeukia mchomeleaji. Mchomeleaji akanyoosha mchoro bila neno. Wote wawili wakamgeukia Shingo Upande.

"Ni mimi," alisema, uso unawaka kwa aibu. "Niachieni, nitakirekebisha."

Lakini kinyozi alikuwa ameshapanda kinyumenyume, kifua kwenye egemeo, amelikumbatia, na miguu imetua pale kwenye kikanyagio kama vile alipimiwa. Akavuta mkono wa kulazia, egemeo likashuka naye polepole, uso chini. Mtu huyu alikuwa amesimama miaka nenda rudi akiinamia vichwa vya watu, mgongo hauna tena hali. Wakangoja atoe malalamiko. Wakasikia anakoroma.

"Tumwamshe?" bosi alinong'ona.

"Mwacheni," alisema mchomeleaji, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Alipoamka, kinyozi alijifuta mdomo akasema hicho ni chake mwenyewe, hakuna mteja atakayekigusa. Cha wateja wachore kingine, chenye miguu mbele. Kikachorwa, kikatoka salama. Haikupita muda, mama mmoja mkandaji wa migongo, jirani wa duka la kinyozi, akaja karakana kuulizia kile cha kulalia kifudifudi. Alitaka viwili.

Bosi alimwambia Shingo Upande atoe mchoro uleule wa makosa. Tatizo ni kwamba makosa hayo hakuyahifadhi, karatasi yake ilishaungua kwa cheche za kuchomelea, na sasa kila kipande alikuwa amekifunga na kukiwekea mipaka. Kila akisukuma kikanyagio nyuma, kinarudi mbele kwa adabu zote.

"Bado tu?" bosi aliuliza akipita na kikombe cha chai.

"Siku ile nilikosea bila kufikiri," alijibu bila kuondoa macho kwenye kioo. "Leo nafikiri, ndiyo maana kukosea kunanishinda."

Mchana ulipokaribia, kikanyagio kikakubali kwenda nyuma. Alikifunga hapohapo, akachapa, akamkimbilia mchomeleaji kabla hakijaghairi.