Sabuni ya Mama na Mbwa Wetu Landeni

Harufu ya mawese yanayochemka haitoki kwenye nguo hata ukizifua vipi, na mimi nilikulia ndani ya harufu hiyo. Nyuma ya nyumba yetu Mwansabombwe mama alikuwa na pipa lililokatwa nusu, na ndani yake alipika sabuni. Kwa msomaji ambaye hajaiona kazi hii, inakwenda hivi: mawese huchemshwa mpaka yawe mepesi kama chai, kisha maji ya magadi humiminwa polepole, na anayekoroga haruhusiwi kupumzika, kwa sababu akiacha kidogo tu mafuta yanaelea juu, magadi yanazama chini, na siku nzima imepotea. Ikikubali, unaimimina kwenye kasha la mbao, unaiacha igande, halafu unakata kwa waya. Waya wa mama ulikuwa umepinda mahali pamoja, kwa hiyo kila mche wa sabuni yake ulitoka na mfereji mwembamba ubavuni, na watu sokoni waliitambua kwa mfereji huo. Wateja wake wakubwa walikuwa wavuvi wa Nchelenge na Mununga. Walinunua kwa makasha, na mimi kwa akili yangu ya kitoto niliamini kwamba hakuna watu wasafi duniani kama wavuvi.

Mbwa wetu alikuwa wa rangi ya mchanga, masikio yamelala, mkia umekatika ncha. Baba ndiye aliyempa jina la Landeni, neno la Kibemba la kuwaambia watu waendelee kusema tu, kwa sababu wazazi wangu walipovuka Ziwa Mweru wakikimbia vita vya Kongo, majirani walikuwa na mengi ya kusema juu yetu. Kila baba alipomwita mbwa jioni, majirani walipata jibu lao bila ugomvi. Landeni alikuwa na tabia moja tu mbaya: alipenda sabuni. Vipande vilivyoanguka chini ya meza ya kukatia alivitafuna, akatapika povu, akarudi kutafuta vingine. Mama alimfukuza kwa kitambaa huku akicheka. "Weye imbwa, utafua nguo mu tumbo?"

Mwaka ninaousimulia mama alikuwa ameacha kucheka. Mdogo wangu, ambaye hakuwahi hata kukaa mwenyewe, alikufa kwa homa kabla mvua hazijaisha. Mama aliendelea kupika, kukata na kuuza, lakini alifanya hayo yote kama mtu anayefanyia kazi nyumba ya wengine. Hakutuita kwa majina. Mchana alilala kwenye mkeka kibarazani akiwa ametazama ukuta, na Landeni alilala nyuma yake, mgongo kwa mgongo. Ilikuwa ajabu kwamba mkono wa mama, ambao haukutafuta mtu yeyote, ulikwenda nyuma na kumtafuta mbwa. Nilikuwa na umri wa miaka tisa na niliona wivu, kisha wivu ukaisha, nikabaki na shukrani tu kwamba kulikuwa na kitu ambacho mkono ule ulikuwa bado unakitaka.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mwangalizi wa nyumba ndogo za wageni kando ya Ziwa Mweru, nje kidogo ya Nchelenge. Mwenye nyumba alimruhusu kukaribisha jamaa zake msimu ambao wageni hawaji, na baba akaikamata nafasi hiyo kwa mikono miwili. "Batu bengine banaendaka mu vakansi," alimwambia mama, akimaanisha likizo. "Siye vilevile tuko batu." Mama alijibu neno moja: haendi bila mbwa. Usiku wa kuondoka baba aliniita pembeni, akaweka kamba mkononi mwangu. "Mama yako anamushikiliaka uyu imbwa tu," alisema. "Weye shikilia imbwa. Arudiye nyumbani muzima. Ni kazi yako ile, ingine hapana." Tulipanda juu ya lori lililobeba mihogo, na Landeni alisafiri akiwa ametoa kichwa kwenye gunia kama bibi aliyejifunga kitambaa.

Nyumba tuliyopewa ilikuwa ya matofali, paa la nyasi, na ukifungua dirisha ziwa linaingia ndani na harufu yake ya matope na dagaa wanaoanikwa. Mjomba alikuwa mtu wa mzaha, lakini juu ya mamba hakufanya mzaha mwingi. Aliniketisha ngazini akanifundisha, nami nawafundisha wengine vilevile mpaka leo. Usimruhusu mbwa anywe ziwani. Mpe maji kwenye beseni, mbali na ukingo. Kamba iwe fupi. Wanawake wanaoshea vyombo ndani ya uzio wa miti uliochomekwa majini, lakini uzio huo umejengwa kwa kipimo cha watu, na mbwa anapenya. Usipite mahali pale pale kila siku, kwa sababu mamba anajifunza. Macho yako yawe majini saa zote, hata pakiwa shwari. "Mamba haipigake hodi," alisema, kisha akaongeza ili nisilie, "na ikipiga, usifungue."

Nilishika kazi yangu kama askari. Kila asubuhi nilimtembeza Landeni kwa kamba, beseni kichwani, na wavuvi waliokaa mchangani wakitenganisha nyavu hawakuniachia nipite bure.

"Angalia, imbwa anatembea na kamba sawa mbuzi!"

"Ile hapana imbwa, ni muzungu. Hauone banamubebea maji mu beseni?"

"Mutoto, muulize bosi wako kama anakunywaka chai na maziwa!"

"Anakunywaka," niliwajibu, "lakini hapana na benye harufu ya samaki." Wakacheka mpaka mmoja akaangusha sindano yake ya nyavu. Nilipogeuka nilimwona mama amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia, na alikuwa anacheka, mkono mdomoni, kama mtu aliyeona aibu kukutwa. Siku ile aliniita kwa jina langu. Siku iliyofuata alikuja nasi, akamshika Landeni kamba yeye mwenyewe, akazungumza na wanawake wa dagaa kwa Kibemba chake kilichovunjika, akala chakula chote sahanini. Baba alisimama nyuma ya nyumba akijifanya kukagua paa, na nilijua anafuta macho.

Kisha ikafika alasiri ambayo ningependa kuiruka, lakini bila hiyo hakuna ninachosimulia. Tulikuwa ukingoni, Landeni na mimi, kamba fupi kama nilivyofundishwa. Wavuvi walikuwa wametandaza mchangani kamba ndefu ya ndoano nyingi, ile inayolazwa ziwani usiku kucha, wakaenda kula. Mimi nilitazama majini. Kulikuwa na kitu cheusi karibu na matete, nikakikazia macho mpaka nikahakikisha ni gogo. Nilipohisi kamba ya Landeni inatetemeka mkononi, nilidhani ameona anachokiogopa. Alikuwa ameinamisha kichwa mchangani. Alijaribu kurudi nyuma, na mdomoni mwake ulining'inia uzi, na uzi ule ukavuta ndoano nyingine zote zikaja zikilia juu ya kokoto.

Mjomba alikata uzi kwa kisu. Ndoano yenyewe ilikuwa imeshuka mbali kooni, mahali ambapo kidole hakifiki. Mama alikuwa amekwisha kupiga magoti, kichwa cha mbwa mapajani mwake, damu kwenye kitenge. Mvuvi mwenye kamba alikuja mbio, kofia mkononi, yule yule aliyemwita Landeni mzungu. "Mama, utuhurumie," alisema. "Tunatiaka sabuni mu ndoano. Samaki anaipenda. Hatukujua imbwa naye anaipenda." Mama alinyoosha mkono, akaokota ndoano iliyokuwa karibu na goti lake. Kipande cha sabuni kilikuwa bado kimeshika pale, cha njano, na ubavuni mwake kulikuwa na mfereji mwembamba. Alipitisha kidole gumba kwenye mfereji huo. "Njo yangu," alisema, yaani ndiyo yangu hii. Kisha akasema tena, polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu: "Njo yangu."

Alikuwa akijua siku zote kwamba sabuni yake ni chambo; mimi tu ndiye niliyedhani wavuvi wanaoga sana. Lakini aliijua kule nyumbani, kwenye makasha na kwenye bei; kwenye ndoano hakuwahi kuiona. Landeni hakuweza kula wala kunywa, na hapakuwa na daktari wa wanyama tuliyeweza kumfikia. Alikufa kabla hatujapata gari la kurudi, mkono wa mama ukiwa mgongoni mwake. Baba aliniambia mara nyingi kwamba nilifanya kazi yangu vizuri, kwamba mamba hakumgusa, na ilikuwa kweli, na haikusaidia kitu.

Tuliporudi Mwansabombwe mama alipika sabuni, kwa sababu tulipaswa kula. Kabla ya kuikata alikaa kizingitini na jiwe na nyundo, akagonga waya wake mpaka ukanyooka kabisa. Tangu siku hiyo sabuni yake haikuwa na alama. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, mpole, mwenye adabu, na hakumwita mtu yeyote kwa sauti ya kicheko tena. Hakutaka mbwa mwingine, na ziwani hakurudi.

Sasa ninaishi Nchelenge, na pipa ni langu. Nyumba za wageni zimeongezeka ukingoni, na watu wa mijini wanakuja na mbwa wenye mikanda mizuri shingoni. Wananiuliza kuhusu mamba. Nawaeleza yote bila haraka: beseni, kamba fupi, uzio, kutolegeza tahadhari hata ziwa likiwa shwari. Kisha nawaambia watazame mchanga pia, kila hatua, kwa sababu samaki wamepungua na ndoano zimeongezeka. Wanaitikia kwa adabu, halafu wanageuka kutazama maji. Wavuvi wanaponunua kwangu nawaomba watundike kamba zao juu ya miti. "Ndiyo, Mama," wanasema, na wana haraka, na wana watoto wa kulisha kama mimi.

Jioni mara nyingine napita ukingoni na kuzikuta zimelala mchangani, sabuni imepauka kwa maji. Nainama, naokota kipande, nakigeuza ubavu huu na ubavu ule. Ni laini pande zote. Waya ninaokatia ni ule ule wa mama, umenyooka, na siwezi kujua kama ni yangu.