Nyumba Kumi na Mbili za Kwezi

Wa kwanza kumwita Randa alikuwa mkewe, na hakumwita hivyo kwa mapenzi. Alisema mumewe kila anachokigusa lazima akitoe maganda. Watu wa mtaani wakalichukua jina wakidhani ni la sifa, kwa kuwa yule bwana alikuwa seremala, na seremala gani angekataa kuitwa kwa chombo chake. Naye akalivaa. Akaliandika hata juu ya mlango wa karakana, kwa herufi nyekundu.

Kazi aliijua. Hilo hata maadui zake hawakumnyima, na maadui alikuwa nao wa kutosha. Milango yake haikulia, na droo zake ulizifunga kwa kidole kimoja. Alikuwa na desturi moja iliyowachekesha mafundi wenzake: alipiga randa na msasa hata mahali ambapo jicho la mteja halingefika kamwe, nyuma ya kabati, chini ya meza, ndani ya tumbo la sanduku. Akimaliza, hufumba macho na kupitisha kiganja juu ya mbao, polepole, kutoka juu hadi chini. Kiganja kikikwama popote, kazi inaanza upya.

Shida ilikuwa kiganja chenyewe. Kilikuwa chepesi kuliko ulimi wake. Alimng'oa msukuma mkokoteni meno mawili kwa kuegesha mbele ya karakana. Alimvunja shemeji yake mbavu siku ya harusi ya huyo huyo shemeji. Na kwa miaka tisa alimpiga mkewe. Kabla ya kuanza, alimwinua binti yao mdogo, akampeleka chumbani kwake na kushusha komeo kwa nje, ili mtoto asione. Huo aliuhesabu kuwa wema, na mpaka ndevu zilipoingia mvi angekuambia hivyo bila kupepesa macho. Mke aliugua akafa. Daktari aliupa ugonjwa ule jina refu. Majirani waliupa jina fupi, ila hawakulitaja mbele ya mumewe.

Binti alikua, akawa muuguzi katika zahanati ya mtaa wa pili, akabaki kuishi na baba yake katika vyumba viwili vya chini, nyuma ya jengo la ghorofa nne. Mambo yakaenda kwa namna ya kuchekesha, kama wewe ni mtu wa kuchekeshwa na mambo ya aina hiyo: baba aliwapasua watu, binti akawashona. Wengine walifika zahanati wakiwa wameshika taya na kumwambia kabla hajauliza, "Ni mzee wako, dada." Naye alichukua sindano na uzi.

Jengo lile lilikuwa la matofali ya zamani, limejaa matundu, na ndani ya matundu waliishi kwezi, wale ndege weusi wanaong'aa kijani jua likiwapiga. Randa aliwapenda. Usiniulize kwa nini mtu wa namna ile apende ndege. Alikaa akiwatazama huku akila chakula cha mchana, na hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo uso wake ulilegea. Halafu mwenye jengo akamleta mwashi kupiga lipu. Mwashi akaziba matundu yote kwa saruji. Hakuchungulia. Makinda walikuwa humo.

Karakana ya Randa iliegemea ukuta ule. Siku mbili aliwasikia wakilia ndani ya tofali, karibu na sikio lake kabisa, na siku mbili aligonga ukuta kwa patasi akitafuta walipo. Siku ya tatu kukawa kimya. Randa akapanda jukwaa la mwashi, akamnyang'anya mwiko na kumchana nao uso kuanzia sikioni hadi mdomoni. Damu ilidondokea kwenye karai la saruji. Mwashi akashonwa nyuzi kumi na nne, na aliyemshona unamjua.

Jioni ile binti aliketi mezani akiwa bado na sare yake.

"Baba, huyu ndiye wa mwisho," alisema. "Mkono wako ukimgusa mtu mwingine, mimi nahama. Sitakutukana wala sitalia. Nitafunga mizigo yangu, na hutajua nilipo."

"Nilimpiga kwa ajili ya wale ndege, mwanangu."

"Kwa ajili ya ndege ungewajengea nyumba. Wewe si fundi?"

Randa hakuogopa polisi wala mtu mwenye panga, lakini aliogopa maneno yale. Hakuwa na mtu mwingine duniani. Alijua kwamba binti akisema hutajua nilipo, hutajua. Basi akaapa kwa kaburi la mama yake mzazi, na kesho yake akaipa mikono yake kazi.

Alijenga nyumba kumi na mbili. Alitumia mbao za mninga zilizobaki alipomaliza kabati la mteja, kwa viungo visivyo na msumari hata mmoja. Kila nyumba ilikuwa na paa la mteremko, tundu la mviringo upande wa juu, na chini ya tundu kijiti kilichochongwa vizuri cha kutulia mgeni. Alipiga msasa nje na ndani. Ndani alipaka vanishi mara mbili, akaingiza kiganja, akafumba macho. Kikateleza kama kwenye kioo. Mafundi wa jirani walikuja kutazama na kusema kwamba kama zingekuwa kubwa za kutosha wangehamia wenyewe. Alizipanga ukutani chini ya dari la nje, akasubiri. Wiki ya tatu kwezi wakaingia.

Chini ya zile nyumba palikuwa na bucha, na mwenye bucha alikuwa mtu wa sauti kubwa na maneno mengi. Asubuhi moja, mbele ya wateja, alipaza sauti:

"Fundi, hao ndege wako wananinyea kwenye mizani. Siku moja nitawawekea sumu hao, na wewe nikuwekee kwenye chai."

Watu wakacheka. Mkono wa Randa ulipanda hadi kifuani. Akauona, akautia mfukoni kwa nguvu hadi mshono ukaachia.

"Nimekusikia, jirani," alisema, akaondoka zake. Binti alipoambiwa, alimpikia baba yake uji na kumkalia karibu hadi alipoumaliza. Miaka mingi hakuwa amefanya hivyo.

Ungedhani mambo yametulia. Makinda walipoanguliwa, kunguru wakaja. Kunguru alitua kwenye kijiti, akajishika sawasawa, akaingiza kichwa tunduni na kumvuta kinda kwa shingo. Kinda alikuwa mwekundu, hana unyoya. Kunguru alimpigapiga ukutani hadi akapasuka, akala, akarudi kwa mwenzake. Katika saa moja nyumba tatu zilibaki tupu, na ukuta mpya ukabaki na madoa. Randa aliwarushia vipande vya mbao. Mmoja akavunjika bawa, akaanguka uani. Randa akampiga nyundo. Akampiga tena, na tena, manyoya yakashikana na changarawe.

"Baba," binti alisema mlangoni. "Ameshakufa."

Randa akasimama akihema. Binti alitazama juu ukutani kwa muda.

"Ni hivyo vijiti. Umewawekea kunguru pa kusimama. Kwezi mwenyewe havihitaji, anaingia moja kwa moja."

"Nyumba isiyo na kizingiti ni boksi tu," Randa alinung'unika. Hata hivyo alipanda ngazi na msumeno, akavikata vyote. Hakukiri kosa. Aliwatukana kunguru, na mama zao, na waliowataga.

Nyumba zilizobaki zikastawi. Makelele ya makinda yalisikika hadi barabarani, na muuza nyama alilalamika kila siku ila hakugusa kitu. Makinda wakaota manyoya. Ndipo wazazi wakaanza kufanya jambo ambalo Randa hakulielewa: waliacha kuingia. Walikaa kwenye waya wa umeme ng'ambo ya barabara wakiwa na funza mdomoni, wakiita, wakiita, kama mama anayemwita mtoto aje ale. Randa alitazama siku nzima shingo ikamuuma. Kwa nini hawaingii? Wanaogopa nini humo? Makelele ndani yakapungua. Siku ya nne nyumba iliyokuwa juu kabisa ya bucha ikanyamaza, na kabla ya adhuhuri nyumba ya pili nayo ikanyamaza.

Akalikumbuka neno sumu.

Alikuwa na nyundo ya mti mkononi, ile ya kupigia patasi. Hakwenda kuichukua, alikuwa nayo tu, na hilo aliwaambia hata mahakamani. Aliingia buchani kwa mlango wa nyuma. Muuza nyama alikuwa ameweka kiganja juu ya gogo, anapanga mbavu. Nyundo ilishukia kiganja. Vidole vitatu vilivunjika kwa mpigo mmoja, na kisu kikaanguka chini.

"Umewapa nini?" Randa aliuliza.

"Nani? Fundi, nani?"

Randa akamshika ukosi, akambamiza uso kwenye chuma cha mizani. Mteja mmoja alikimbia na nyama ambayo hajapimiwa. Muuza nyama aliinuka na kurusha ngumi kwa mkono mzima, ikampata Randa shingoni. Hilo lilizidi kumpandisha mori. Nyundo ikampata muuza nyama kwenye jicho la kushoto. Alianguka kati ya ndoo na ukuta, na Randa akainama juu yake akaendelea.

"Nilisema tu," muuza nyama alikuwa akisema, mdomo umejaa damu. "Nilisema tu, fundi. Sikupanda huko. Nilisema tu."

Walimtoa watu wanne. Mtu mwingine alikuwa amekimbilia zahanati, na binti alifika mbio akiwa na sare nyeupe na mkoba wa vifaa. Hakumtazama baba yake. Alipiga magoti kwenye damu, akalifunika lile jicho, akavifunga vidole kwenye kibao, akaagiza gari. Gari lilipoondoka alinawa mikono kwenye ndoo ya muuza nyama. Kisha akaegemeza ngazi ukutani, akapanda na kuishusha ile nyumba iliyo juu ya bucha. Watu wote walimtazama. Akaibandua paa kwa kisu cha bucha.

Makinda walikuwa watatu. Manyoya yao yalikuwa yametimia, meusi yenye kung'aa, mabawa yako tayari kabisa. Walikuwa wamekufa kwa njaa, wamekauka. Na kwenye vanishi, kuanzia sakafuni hadi nusu ya ukuta, kulikuwa na mistari myembamba sana, mingi isiyohesabika, yote imeishia chini ya tundu.

Binti aliingiza mkono ndani. Kiganja kiliteleza.

"Hakuna sumu, baba," alisema. "Wazazi waliwaita watoke, wao wakashindwa kutoka. Walikuwa wanapanda na kuteleza. Ulipiga msasa hata ndani?"

"Mimi makwaruzo siyaachi," Randa alisema. "Wewe unajua. Ndiyo kazi yangu hiyo."

"Najua," alisema binti.

Polisi walipomfunga Randa pingu, alipita mbele ya dirisha la nyumba yake. Binti alikuwa amefungua sanduku kitandani.

Muuza nyama aliponea chupuchupu, ila jicho halikurudi. Randa alihukumiwa mwaka mmoja na nusu. Gerezani aliyaona ya kuona. Alipigwa siku ya kwanza kwa sababu ya blanketi, akampiga mtu siku ya pili, akapigwa na watu watano siku ya tatu, na tangu hapo mguu wake wa kulia huukokota. Kila siku ya wageni alikaa akiwa ameshavaa shati. Hakuja mtu.

Alirudi asubuhi moja akiwa na mfuko wa vyombo alivyorudishiwa langoni. Bucha ilikuwa na mtu mwingine. Akasimama barabarani akatazama juu. Nyumba za kwezi zilikuwa pale, na kinda alikuwa amechomoza kichwa tunduni. Kwezi mzazi aliita kutoka kwenye waya. Kinda akajisogeza, akayumba, akaruka. Akaangukia paa la bucha, akajikusanya, akaruka tena.

Randa aliazima ngazi. Alifungua nyumba moja iliyokuwa tupu, akachungulia. Chini ya tundu, ukuta wa ndani ulikuwa umechanjwa kwa patasi, mistari ya kukingama, mibaya, imepinda, kazi ya mtu asiyejua kushika patasi. Akafungua ya pili, nayo ilikuwa vivyo hivyo. Binti alizipanda zote kabla hajaondoka. Randa akashuka akiwa amejipa matumaini ya kijinga, kwamba mtu aliyewahangaikia kwezi kiasi kile huenda ameacha japo karatasi.

Chumba cha binti kilikuwa kitupu. Hakukuwa na karatasi, wala kitanda, wala kabati. Palibaki mlango, ule wa mninga aliouchonga mwenyewe mwaka aliozaliwa mtoto, na komeo lake kwa nje. Ulikuwa umeshuka kidogo kwenye bawaba. Mikono ya fundi haivumilii kitu kama hicho. Akaingia, akaufunga akiwa ndani ili aone umeshuka kiasi gani.

Hakuwahi kuufunga mlango ule akiwa upande wa ndani. Miaka yote aliposimama kizingitini ulikuwa umeegemea kabati, uso wake umefichika. Akafumba macho kama desturi yake, akaweka kiganja juu, akakishusha polepole. Kifuani mbao ilikuwa laini. Kiunoni ilikuwa laini. Chini ya kiuno kiganja kikakwama.

Akafumbua macho, akapiga magoti. Kulikuwa na mistari ya kucha, mingi, juu ya mingine, ya zamani kiasi kwamba vumbi lilikuwa limeijaza. Iliishia mbali kidogo chini ya pale ambapo, upande wa pili, lilikuwepo komeo. Akajaribu kuweka vidole vyake ndani ya ile mistari. Havikuenea, ilikuwa ya vidole vidogo sana.

Randa yake ya kazi na msasa vilikuwa ndani ya mfuko wa vyombo, kando ya goti lake. Hakuvitoa.