Siku ya Tambarare

Kwetu msafiri wa miguu hapiti mlangoni kwa mtu bila kuulizwa anatoka wapi na anaenda wapi. Siyo umbea. Ni adabu, na asiyeuliza ndiye anayesemwa. Kutoka Babati mjini mpaka kwa mama mkubwa, juu kule upande wa Mbulu, ilikuwa safari ya siku tatu na asubuhi moja kwa miguu ya mtoto, na njiani mama aliulizwa swali hilo labda mara ishirini. Hakujibu jibu moja mara mbili. Mimi nilikuwa na miaka kumi, natembea nyuma yake, na kila jibu lilizidi kunivuruga.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, mwanzoni mwa themanini. Mtu akipata sabuni, mtaa mzima unajua. Tulikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ukipatikana, na usipopatikana tulikula hadithi za unga wa yanga. Baba alikuwa utingo wa lori. Lori lilikuwa juu ya mawe tangu mvua za vuli likisubiri matairi, kwa hiyo baba naye alikuwa juu ya mawe, anakaa nje ya nyumba yetu pale Singe na kusema wiki ijayo. Tulikuwa watoto sita. Basi la kwenda Mbulu likipata dizeli liliondoka bila kuaga, na lisipopata hakuna aliyeambiwa kitu. Ndiyo maana tulitembea.

Sasa, mama mkubwa hakujaliwa mtoto. Krismasi iliyotangulia safari ile alishuka kutusalimia, na tukiwa tunakula alimwambia mama mbele yetu sote, "Nipe mmoja anipashie nyumba moto." Halikuwa jambo la ajabu. Dada asiye na mtoto hupewa wa ndugu yake, anamlea, anakuwa wake, na maisha yanaendelea. Mama alicheka, akasema tutaona. Halafu siku moja kabla ya safari, nikiwa bombani na ndoo yangu, mama mmoja wa jirani akaniambia, kumbe ni wewe unayekwenda kunywa maziwa. Nikamuuliza maziwa gani. Akasema nikamuulize mama yangu. Wale wamama wa bombani, jamani! Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, hilo nililijua hata kwa umri ule.

Sikuthubutu kuuliza. Nilimtazama mama akifunga mzigo. Aliweka chumvi, nusu ya mche wa sabuni ambayo ilikuwa zawadi ya mama mkubwa, na nguo zangu. Nguo zangu zote, yaani gauni mbili na sare ya shule. Sare ya nini? Ilikuwa likizo. Nilijaribu kujipa moyo kwamba labda mama alikosea kwa sababu ya haraka, lakini mama yangu hakuwa mtu wa kukosea mzigo.

Siku ya kwanza tulipita Nakwa, viboko wakikoroma ziwani, tukashika njia ya Dareda. Mama alitembea mbele kwa katambuga zake za tairi bila kugeuka. Mlima Kwaraa ulikuwa nyuma yetu, na kila nikiuangalia niliona umepungua kidogo, nikajua nyumbani nako kunapungua. Kwenye nyumba tuliyolala Dareda mwenyeji aliuliza, mama akasema anakwenda kumwona mgonjwa. Nilishtuka. Nani anaumwa? Nilipomuuliza kesho yake tulipoanza kupanda ule ukuta wa mlima, alisema, "Tembea, pumzi utaihitaji." Na kweli niliihitaji. Siku ile ya pili tulipanda kwa mikono na magoti, na mama alinifokea tangu chini hadi juu, mara nakanyaga vibaya, mara navuta miguu kama ng'ombe wa mnada. Nilifurahi. Mama akifoka, mambo yako sawa. Kule juu, penye baridi, tulilala kwa watu wengine, na hao aliwaambia anatafuta mbegu ya maharage.

Ndipo ikaja siku ya tatu, siku ya tambarare, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Haikuwa na kazi yoyote siku ile. Ukungu uliondoka mapema, njia ilikuwa ya majani mafupi, kondoo kila mahali, na vijito ambavyo hata mtoto anaviruka. Baada ya ule ukuta wa jana miguu ilikuwa inacheka yenyewe. Tungeweza kufika kwa mama mkubwa jioni ile ile. Lakini mama, ambaye kwa siku mbili alinikimbiza kama tumefukuzwa, akaanza kutembea kama mtu anayetafuta sindano. Akachukua mzigo wangu akauweka juu ya wake. Nikamwambia sijachoka. Akasema, "Najua, mama yangu." Mama yangu! Nyumbani aliniita wewe, au aliniita kwa majina ya kaka zangu mpaka alipolipata langu.

Kwenye nyumba moja alitoa chumvi kiganjani akabadilisha na maziwa ya mgando, kibuyu kidogo, na yeye hakunywa. Alikaa ananitazama nikinywa. Akauliza kama ni matamu. Yalikuwa matamu sana, na nilipokumbuka yule mama wa bombani nikakishusha kibuyu, halafu nikayanywa hivyo hivyo kwa sababu mwenye njaa hana hiari. Mwenye nyumba naye akauliza tunakwenda wapi, na mama akasema anakwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Na kibuyu changu cha maziwa mkononi, na sare ya shule ndani ya mzigo. Mkutano gani wa akina mama?

Mchana tukafika kwenye kijito. Mama akasema nikae juu ya jiwe. Akafungua mzigo, akatoa ile nusu ya mche wa sabuni, akaanza kuniosha miguu. Ninyi mliozaliwa na sabuni hamwezi kuelewa. Nyumbani tulifulia majani ya mpapai ili sabuni ile isiguswe, na sasa anaisugua kwenye nyayo zangu zenye matope, povu linakwenda na maji. Alisugua kila kidole. Nami nilikumbuka jinsi baba alivyomsugua mbuzi wetu kabla ya kumpeleka mnadani. Nikajaribu kuvuta mguu, akaushika.

"Baridi?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo, baridi. Sikujua kingine cha kusema. Halafu akaanza kunisimulia mambo ya utoto wake, alivyochunga kondoo pale pale na dada yake, walivyogombania koti moja, siku ya huyu na siku ya yule, na akacheka mpaka akajifuta macho. Sikuwahi kumwona mama akicheka namna ile. Nilicheka naye. Ukiniuliza leo siku gani nilikuwa na furaha zaidi utotoni, nitasema siku ile, na ukiniuliza siku gani niliogopa zaidi, nitasema siku hiyo hiyo. Nenda kafanye hesabu mwenyewe.

Jua likiwa bado liko juu ya vilima akasema tulale kwenye nyumba iliyokuwa mbele, ya mama mmoja mjane waliyefahamiana zamani. Kwa mama mkubwa palibaki mwendo wa saa mbili tu. Nilitaka kusema twende tufike, yaishe, na nilitaka pia tusifike kamwe. Mjane akatupokea vizuri, nikaamkia shikamoo, akaitikia, akamwita mama kwa jina la kaka yangu wa kwanza kama ilivyo desturi. Mama akachukua debe kwenda kumtekea maji. Tukabaki wawili jikoni, yule mjane anapuliza moto.

Akaniuliza mimi. Wala hakuwa na nia mbaya, ni adabu tu, mgeni mdogo naye ni mgeni.

"Na ninyi mnaenda wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilipanga kichwani yule mgonjwa, mbegu za maharage na mkutano wa akina mama, nikaona hakuna linalonifaa. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Tunaenda kumsalimia mama mkubwa, halafu tunarudi nyumbani. Wote wawili."

Mjane akasema vizuri, nimsalimie. Nilipogeuka nilimwona mama mlangoni na debe la maji kichwani. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Maji yalikuwa yanamchuruzika shingoni naye hayafuti. Nikangoja anifokee kwa kuzungumza na wakubwa. Aliinama akapita mlango, akatua debe, akamuuliza mjane chumvi iko wapi.

Asubuhi tulitembea haraka. Sabuni iliyobaki haikuzidi kidole gumba.

Mama mkubwa alituona tukiwa bado mbali, akaja mbio na kanga inamwanguka. Alinishika mashavu kwa mikono yote miwili. Akatuingiza ndani, na ndani niliona kitanda kidogo cha kamba, kipya, kamba bado nyeupe, kimetandikwa ngozi ya kondoo. Pembeni palikuwa na kigoda kidogo kisichomfaa mtu mzima yeyote. Kuku jike mwekundu alikuwa amefungwa uzi mguuni, na mama mkubwa akaniambia huyo ni wako. Nilitazama kile kitanda, na nitakuambia ukweli, nilikipenda. Nyumbani tulilala watoto wanne kwenye mkeka mmoja.

Tulipokaa mama mkubwa akauliza kama desturi, ingawa alikuwa analijua jibu tangu Krismasi. Alikuwa anatabasamu alipouliza. Mnatoka wapi, mnaenda wapi?

Mama aliangalia miguu yangu.

"Tumekuja kukusalimia, dada," akasema, "halafu tunarudi nyumbani. Wote wawili."

Kuku akakwaruza sakafu. Kisha mama mkubwa akasema basi uji utapoa, akatugeuzia mgongo, akakoroga uji kwa muda mrefu kuliko uji wowote unavyohitaji.

Miaka mingi baadaye, mama akiwa mzee, nilimuuliza kwa nini alimpa kila mtu jibu tofauti. Akasema hakuwa anadanganya, ila kila alipoulizwa alikuwa bado hajui, na ule ukuta wa mlima haukumpa nafasi ya kufikiri. Tambarare ndiyo iliyompa. Nikamuuliza kama ningenyamaza kule jikoni ingekuwaje. Akaniambia nimpishe, anataka kuanua nguo.

Tulikaa siku mbili. Siku ya kuondoka mama mkubwa alitujazia mfuko wa mahindi, mzito kuliko chumvi na sabuni yote tuliyoleta, akamfungua kuku uzi akanipa mkononi. Akamwambia mama kwamba kuku wangu ni wangu. Alitusindikiza hadi mwisho wa malisho, akasimama hapo. Tulikuwa tumeshaenda hatua kadhaa jirani yake mmoja alipopita na mzigo wa kuni, akamuuliza kwa adabu anatoka wapi. Nilimsikia vizuri kabisa, kwa sababu kule juu upepo hubeba sauti.

"Natoka kusindikiza wageni," akasema.